Chuo kimetoka Moodle 4.1 kwenda 4.5: vipya vipi mkufunzi aanze navyo?

Mkufunzi_Uhasibu

Habari za humu wakuu. Chuo chetu kimepandisha Moodle, mfumo wetu wa masomo ya mtandaoni, kutoka 4.1 hadi 4.5 wakati wa likizo. Semina ya nusu siku ilituonyesha vitu vingi, lakini hatukuambiwa kipi kinabadilisha kazi na kipi ni rangi tu. Somo langu lina wanachuo 280, wengi wanatumia simu na bando la kuunga. CA (alama za kazi za muhula, kabla ya mtihani wa mwisho) ni 40: kwizi mbili za 5 kila moja, asaimenti 10, test 20. Naomba mwenye uzoefu anisaidie haya:

1. Jumla ya CA kwenye daftari la alama hailingani na ya Excel yangu. Kwa nini, na je 4.5 imelirekebisha hilo?
2. Nina maswali kama 120 ya kuchagua kwenye Word. Nayaingizaje bila kunakili moja moja?
3. Tumeambiwa mfumo sasa unawakumbusha wenyewe tarehe ya mwisho. Unawakumbusha lini, na kwa njia gani?
4. Kuna kukata alama kwa waliochelewa?
5. Hivi vijisehemu vipya ndani ya mada, na hiyo AI, vina faida yoyote?

---

Mratibu_wa_Kozi

Mkuu, anza na la kwanza. Hayo mengine yakikosewa mwanachuo atanuna tu, ila CA ikikosewa utaitwa kwenye kamati ya mitihani.

4.5 haijabadilisha hesabu. Kilichobadilika ni ukurasa: unatafuta mwanachuo kwa jina, safu usizozihitaji unazikunja kwa vidoti vitatu vya juu ya safu, na majina yanabaki pembeni unaposogeza. Hesabu inafuata mpangilio uliouweka mwenyewe, na usipouweka mfumo unatumia "Natural". Natural inajumlisha alama ghafi, kwa hiyo kazi yenye alama nyingi inameza zenye alama chache.

Chukua mfano wa somo lako. Tuseme kila kwizi ina alama 10, asaimenti 100, test 100. Mwanachuo kapata 8, 6, 90 na 50. Hesabu yako ya Excel ni 4 + 3 + 9 + 10, yaani 26 kati ya 40. Natural inachukua 154 kati ya 220, ambayo ni asilimia 70, yaani 28 kati ya 40. Asaimenti imepata uzito sawa na test wakati wewe umeipa nusu yake.

Dawa yake: fungua Grades, kisha "Gradebook setup". Ongeza kategoria uiite CA, "Aggregation" uiweke "Weighted mean of grades", na alama ya juu kabisa ya kategoria iwe 40. Hamishia kazi zote nne humo. Kwenye safu ya Weights andika 5, 5, 10 na 20. Usihangaike kubadilisha alama za ndani ya kwizi wala test, maana uzito ndio unaoamua.

Mtego wa pili ndio unaowaumiza wengi. Ndani ya kategoria kuna kisanduku cha "Exclude empty grades", na kwa kawaida kimewekwa tiki. Maana yake kazi ambayo mwanachuo hakufanya haihesabiwi kabisa. Mtu huyohuyo wa juu, asipokusanya asaimenti, mfumo unachukua 17 kati ya 30 na kuipandisha hadi 22.67 kati ya 40. Alama yake halali ni 17. Muhula ukiendelea acha tiki ibaki, ili mtu asione ana 5 kati ya 40 wiki ya tatu akachanganyikiwa. Kazi zote zikishasahihishwa, itoe. Ukipenda sifuri ionekane waziwazi, ingia "Single view" (ukurasa wa alama za kazi moja peke yake) ya kazi hiyo, tumia "Bulk insert", chagua nafasi tupu tu, jaza 0.

Na tafadhali usiandike alama ya kwizi moja kwa moja kwenye jedwali kubwa. Ukifanya hivyo seli inakuwa "overridden": hata ukisahihisha kwizi upya, alama ile haitasogea. Ukikuta alama moja imegoma kubadilika wakati za wenzake zimebadilika, fungua Single view, uondoe tiki ya "Override" kwa mwanachuo huyo.

---

Kroni_na_Seva

Najibu la 3 na la 4 kwa upande wa mfumo.

Kwenye 4.5 asaimenti ina taarifa tatu: moja siku 7 kabla, inayokusanya kazi zote za mwanachuo zinazofika mwisho siku hiyo; ya pili saa 48 kabla; ya tatu saa 2 baada ya muda kupita kwa ambaye hajakusanya. Kwizi nayo hutangaza saa 48 kabla ya kufunguliwa. Zinakwenda kwa barua pepe, kengele ya ndani ya mfumo, na programu ya simu. Mwanachuo anaweza kuzizima mwenyewe kwenye mapendeleo yake, hivyo usije ukazifanya ushahidi kwamba "uliarifiwa".

Wasipopata chochote, muulize msimamizi wa mfumo mambo mawili. Kwanza, kroni (programu ya seva inayofanya kazi za mfumo kwa ratiba) inakimbia kila dakika? Taarifa zote zinatumwa na kroni, na ikisimama hakuna kosa linaloonekana kwenye skrini, ni kimya tu. Pili, barua pepe zinatoka kwa seva ya SMTP (ya kutuma barua pepe) inayotambulika, au zinaishia kwenye spamu? Halafu angalia wasifu wa wanachuo wenyewe. Wengi husajiliwa kwa anwani za chuo ambazo hawajawahi kuzifungua.

Suala la saa nalo lina vichekesho vyake. Mkufunzi anatangaza darasani "mwisho Ijumaa saa sita usiku", kwenye mfumo anaweka Ijumaa 00:00. Hiyo 00:00 ya Ijumaa ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Darasa zima linachelewa kwa siku nzima. Weka 23:59 ya Ijumaa yenyewe, na kwenye maelezo andika jina la siku pamoja na tarehe. Eneo la saa la mfumo liwe Africa/Dar_es_Salaam, na wanachuo wasiruhusiwe kujichagulia jingine kama hakuna sababu.

La 4: kukata alama moja kwa moja hakumo kwenye 4.5. Kumeingia toleo la 5.0, Aprili 2025. Wewe unazo tarehe mbili. "Due date" ikipita, kazi bado inapokelewa ila inaandikwa imechelewa kwa muda gani. "Cut-off date" ikipita, mlango umefungwa. Weka ya kwanza Ijumaa, ya pili Jumapili, kisha punguza mwenyewe unaposahihisha. Wala usiwalaumu waliochagua 4.5 badala ya 5.0. Ni toleo la muda mrefu, linapata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2027, wakati 4.1 yake iliisha Desemba 2025.

---

Bi_Benki_ya_Maswali

La 2 ni rahisi kuliko unavyodhani mwalimu, ila Word ndiyo adui. Tumia mpangilio wa Aiken, ambao ni maandishi matupu:

Hesabu ipi huonyesha mali na madeni ya biashara kwa tarehe fulani?
A. Taarifa ya mapato
B. Mizania
C. Daftari la fedha
D. Urari
ANSWER: B

Swali liwe mstari mmoja, hata likiwa refu. Baada ya herufi weka nukta au mabano ya kufunga, kisha nafasi. Neno ANSWER liwe kwa herufi kubwa zote, hata kama swali ni la Kiswahili. Usiache mstari mtupu kati ya swali na majibu yake. Acha mmoja baada ya ANSWER kabla ya swali linalofuata. Jibu sahihi ni moja tu. Maswali ya majibu mawili sahihi hayapiti kwa Aiken.

Kinachoharibika ni hiki: A, B, C, D za Word mara nyingi ni orodha ya kujipanga yenyewe, si herufi zilizoandikwa. Ukinakili, huwezi kuwa na uhakika kama herufi zimekuja au zimebaki. Kwa hiyo hifadhi hati kama "Plain Text", chagua UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi), kisha ufungue kwa Notepad uone kama A. na B. zipo. Usipochagua UTF-8, alama za nukuu zilizopinda na vistari virefu vinaweza kutokea kama vikorokoro.

Kisha: ndani ya somo, More, "Question bank", kwenye menyu ya kushuka chagua Import, weka tiki Aiken, chagua kategoria, weka faili. Anza na faili la maswali 5. Mfumo utakuambia umesoma maswali mangapi. Ukiona 4, fungua faili uangalie lile lililorukwa kabla ya kuleta 115 yaliyobaki. Tengeneza kategoria kwa mada, "Mada 1", "Mada 2", maana baadaye utataka kwizi ichote maswali 10 ya bahati nasibu kutoka kila mada.

Sasa kitu ambacho wakufunzi wengi hawajakizoea ingawa kipo tangu 4.0: matoleo ya swali. Ukihariri swali, la zamani halifutiki, linazaliwa v2. Kwenye ukurasa wa maswali ya kwizi kila swali lina menyu inayosema v1, v2 au "Always latest". Iache kwenye "Always latest" isipokuwa una sababu.

Tuseme kwizi imeshafanyika na swali la 7 lilikuwa na jibu sahihi lililowekwa vibaya. Hariri swali, badilisha alama ya majibu: B iwe 100%, C iwe hakuna. Hakikisha kwizi inatumia toleo jipya. Nenda Results, kisha "Regrade", na uanze na "Dry run" ili uone nani atapanda na nani atashuka kabla ya kuthibitisha. Angalizo: usiongeze wala kupunguza idadi ya chaguo. Swali lililokuwa na chaguo 4 likiwa na 5, mfumo unakataa kulisahihisha upya kwa waliokwisha kulijibu. Ukihitaji chaguo jipya, tengeneza swali jingine kwa muhula ujao.

---

Mkufunzi_Uhasibu

Shukrani sana, hiyo ya 22.67 ndiyo iliyokuwa inanisumbua. Nina mawili tena. Kwizi ya watu 280 kwa mpigo, seva itahimili? Na asaimenti za kurasa kumi zilizopigwa picha kwa simu, nasahihishaje wakati mtandao wa ofisini unakatika kila mara?

---

Kroni_na_Seva

Kuhusu seva, usijipime bahati. Gawa makundi manne ya 70, kisha kwenye kwizi fungua "Overrides" (saa maalumu kwa kundi au mtu, si ile Override ya alama), chagua za makundi. Kwizi ya dakika 30: kundi la kwanza 08:00 hadi 08:35, la pili 08:40 hadi 09:15, la tatu 09:20 hadi 09:55, la nne 10:00 hadi 10:35. Maswali 5 kwa ukurasa yanatosha. Swali moja kwa ukurasa maana yake simu inaiita seva mara ishirini kwa kwizi ya maswali ishirini, na bando la mtoto wa watu linakwisha.

Hapa pana shimo. Kwenye "Review options" wengi huacha majibu sahihi yaonekane "After the quiz is closed", wakidhani ni baada ya wote kumaliza. Sivyo. Ukishaweka overrides, kufungwa kunahesabiwa kwa saa ya kila kundi. Kundi la kwanza litaona majibu 08:35, dakika tano kabla kundi la pili halijaingia, na WhatsApp itafanya yaliyobaki. Ondoa tiki ya "Right answer" kwenye safu zote nne, pamoja na "Whether correct" na alama, ziwashe baada ya kundi la mwisho.

"When time expires" iwe ile ya kukusanya jaribio lenyewe. Lakini mwanachuo ambaye simu yake ilizima katikati anakusanyiwa na kroni. Kroni ikiwa imelala utaona majaribio yamebaki "In progress" mpaka jioni, bila alama. Usiyafute! Majibu aliyokwisha kuyatuma yamehifadhiwa; kroni ikiamka yatakusanywa.

Mwambie pia msimamizi aangalie max_input_vars ya PHP (lugha inayoendesha Moodle), yaani idadi ya nafasi za kujaza inazopokea kwa mara moja. 4.5 inataka 5000 na kawaida ya PHP ni 1000. Ikibaki chini, kurasa kubwa za daftari la alama zinahifadhi nusu ya ulichoandika na nusu nyingine inapotea.

---

Mratibu_wa_Kozi

Asaimenti. Picha moja ya simu inaweza kufika MB 3 au 4. Kurasa kumi ni MB 30 hadi 40, na hapo ndipo wanaanza kukutumia kwa WhatsApp. Kwenye mipangilio ya asaimenti weka faili 1, aina .pdf tu, ukubwa wa juu MB 5, na waelekeze watumie programu ya kuskani ya simu kwa rangi nyeusi na nyeupe.

Ukiweka MB 5 halafu kisanduku kinakupa MB 2 tu, si wewe. Kikomo kinapita mikono mingi: PHP ya seva, ambayo bila kuguswa ni MB 2 kwa faili, kisha mfumo mzima, kisha somo, kisha asaimenti. Kidogo kuliko vyote ndicho kinachoshinda. Na kama programu ya wavuti kwenye seva ni Nginx kuna kingine cha MB 1, chenyewe hutoa kosa la 413.

Kusahihisha bila mtandao kunawezekana vizuri tu. Unapotengeneza asaimenti, kwenye "Feedback types" weka tiki tatu: maoni ya maandishi, "Feedback files" na "Offline grading worksheet". Wakikusanya, nenda Submissions, menyu ya Actions, pakua kazi zote kwa zip, na upakue pia karatasi ya alama. Zima mtandao, fanya kazi.

Kwenye karatasi ya alama jaza safu ya Grade na ya maoni tu. Safu ya Identifier usiiguse hata kwa nukta, ndiyo inayomtambua mwanachuo. Hifadhi kama CSV UTF-8 (jedwali la maandishi matupu), siyo xlsx ya Excel. Kama umeandika alama juu ya PDF zenyewe, ziache na majina yaleyale ya faili na folda, zifunge tena kwa zip, uzipandishe kwa chaguo la kupakia faili za maoni kwa pamoja. Ukibadilisha jina likawa "Juma imesahihishwa.pdf", mfumo haujui Juma ni nani.

Wakati wa kurudisha CSV kuna tiki inayoruhusu kubadilisha rekodi zilizoguswa mfumoni baada ya wewe kupakua karatasi. Iweke pale tu unapojua hakuna mwenzako aliyesahihisha mtandaoni wakati huohuo. Mkiwa wakufunzi wawili kwenye somo moja, gawaneni makundi kwanza.

---

Fundi_Vijisehemu

Naona la 5 limekimbiwa. Vijisehemu vya 4.5 ni vizuri, wala si rangi. Mada ya wiki 3 yenye vitu 14 inakuwa shuka refu kwenye simu. Ukiigawa "Mihadhara", "Mazoezi", "Kwizi", mwanachuo anafungua anachotaka. Unaweza kukifunga kijisehemu kizima kwa sharti moja, mfano kisionekane mpaka kundi fulani, badala ya kuweka sharti kwenye kila faili. Kama hukioni kwenye orodha ya shughuli, msimamizi akiwashe kwenye "Manage activities". Ngazi ni moja tu: kijisehemu ndani ya kijisehemu hakuna.

---

Mratibu_wa_Kozi

Hapo sikubaliani nawe sana mkuu. Kwa somo la wiki 15 lenye vitu vitano kila wiki, vijisehemu vinaongeza kubofya bure. Vinafaa pale mada moja inapobeba wiki nne au zaidi. Wengine wape majina mafaili yao vizuri kwanza: "Lecture 3 final FINAL.pptx" haiokolewi na kijisehemu.

AI nayo: kwenye 4.5 haifanyi kitu mpaka msimamizi aunganishe mtoa huduma, OpenAI au Azure, kwa ufunguo unaolipiwa kwa matumizi. Ikiunganishwa, mkufunzi anaweza kuzalisha maandishi au picha ndani ya kihariri, na mwanachuo anaweza kuomba muhtasari wa ukurasa. Haisahihishi asaimenti. Muhtasari wa ukurasa wa notsi sina tatizo nao. Ila mtu asichukue kazi ya mwanachuo yenye jina na namba ya usajili akaibandika humo, maana taarifa hizo zinatoka nje ya seva ya chuo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata vyuo.

---

Mkufunzi_Uhasibu

Nimeelewa. Swali dogo la mwisho: kwizi za mazoezi, zisizo za CA, mwanachuo anaweza kuzifanya bila bando?

---

Bi_Benki_ya_Maswali

Anaweza, kwa programu ya simu ya Moodle, siyo kwa kivinjari. Kwenye kwizi ruhusu majaribio ya nje ya mtandao, na masharti yake ni haya: isiwe na kikomo cha muda, "Question behaviour" iwe "Deferred feedback" (matokeo hutolewa mwisho, si swali kwa swali), kupita kati ya maswali kuwe huru, na isifungiwe kwa anwani ya mtandao wa chuo. Sharti moja likikosekana chaguo hilo halitumiki. Anapakua akiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba, anafanya nyumbani, anarudisha akipata mtandao. Alama haitokei papo hapo, hutokea baada ya kusawazisha. Mwambie asiiondoe programu wala asitoke kwenye akaunti kabla ya kusawazisha, kwa sababu majibu yote yamo ndani ya simu hiyo.